Ukuta Uliokataa Masizi

Mama Kabedi tulimzika mwezi uliopita. Alikuwa mkunga hapa Kamina tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kwenye kilio, mchungaji alipoomba wasimame wote waliopokelewa duniani na mikono yake, karibu nusu ya uwanja ilisimama. Mzee mmoja wa reli, aliyemzidi marehemu umri, naye akasimama, watu wakacheka katikati ya machozi. Pembeni yangu alikaa muuguzi wa kike anayefanya kazi sasa katika wodi ile ile ya uzazi, karibu na stesheni ya gari-moshi. Akaniinamia. "Mama Rachel, weye ulitumika naye zamani. Ule ukuta ya inje, juu ya nini iko vile? Iko sawa vile panya mukubwa aliitafuna." Nilimwambia ni habari ndefu. Akasema, "Kilio nayo iko murefu, Mama." Lakini sikuweza kusimulia pale, mbele ya jeneza, jambo lililoanza kwa furaha na kutufikisha mahali ambapo uhai wa mtu ulipimwa kwa weupe wa ukuta. Kwa hiyo naliandika hapa. Sitaanza na ukoo wangu. Waliozaa walizaa, na Mungu anawajua. Naanza na chumba.

Chumba kilikuwa nyuma ya kanisa, ghala la mabenchi yaliyovunjika, na akina mama walihifadhi humo samaki wakavu kutoka Mulongo kwa ajili ya wageni wa mikutano. Mwaka wa 1998 nilikuwa mwalimu wa kemia katika sekondari ya kanisa, bado sijaolewa, na mhandisi Numbi, aliyekuwa akiijenga upya wodi ile, aliniomba nimsaidie kazi yake baada ya masomo. Alikuwa amerudi kutoka Ulaya na mapipa mawili ya plastiki yenye unga mweupe wa titani, zawadi ya mwalimu wake wa chuo. Ni unga uleule, alinieleza, unaotia weupe katika rangi za nyumba, ila huu ulitengenezwa hadi chembe zake zikawa ndogo kuliko vumbi lolote tunalolijua. Leo vijana wanaziita chembe za nano; sisi tulisema tu unga mwembamba. Ukichanganywa na saruji katika tabaka la nje la zege, miale ya jua inaziamsha chembe hizo, nazo zinavunjavunja moshi, mafuta na ukungu ulioshika ukutani, kisha maji ya mvua yanatandaa juu ya ukuta kama shuka na kuteremka na mabaki. Unga wenyewe hauliwi na kazi yake. Kesho jua likitoka, unaanza tena. Nilikuwa nimefundishwa tangu utotoni kwamba neema ndivyo ilivyo, haipungui kwa kutumika, lakini sikutegemea kukutana na mfano wake ndani ya pipa la plastiki.

Wodi ilikuwa inajengwa upya karibu na stesheni kwa sababu hapo ndipo wanawake wa vijijini waliposhukia. Kuta za ile ya zamani zilikuwa nyeusi kwa moshi wa injini na nyekundu kwa vumbi, na mvua zikianza zilivaa ukungu wa kijani hadi madirishani. Miaka ya nyuma kamati ya kanisa iliwahi kumlaumu Mama Kabedi kwa uchafu huo, naye akawajibu mbele ya watu wote: "Minyi niko na mikono mbili. Moja ya mama, moja ya mutoto. Ile ya kuosha ukuta mutanipatia wapi?" Numbi alilisikia swali lile kabla hajaenda kusoma. Alikwenda nalo na akarudi nalo.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa madonge. Unga ulishikana katika saruji, vigae vyetu vya majaribio vikatoka na madoa kama ugonjwa wa ngozi. Tuliukoroga kwanza katika maji, madonge yakabaki. Mwishowe tuliutwanga pamoja na maji katika kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, polepole, kwa zamu, mpaka maji yakawa kama maziwa, ndipo tukaongeza saruji na mchanga. Mama Kabedi aliingia siku hiyo na sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki, akachungulia kinuni. "Hii njo sombe ya bazungu? Mbona haina harufu?" Numbi akamwambia, "Mama, ngoja iive." Akajibu, "Ikiiva minyi nitakuwa nimekufa. Mukule hii kwanza." Tukala tumekaa juu ya mabenchi yenye mguu mmoja pungufu, kigae kimoja kikiwa nje juani. Nilikuwa nimekipaka dawa ya bluu ya zahanati, ile waliyokuwa wakiwapaka watu vidonda vya koo, na nusu yake nimeifunika kwa ubao. Alasiri tulipoinua ubao, upande uliofunikwa ulikuwa wa bluu kama sare ya shule, na upande wa jua ulikuwa mweupe. Mama Kabedi alikigeuza kigae huku na huku. "Nani aliramba?" Tukamweleza. Akafikiri kidogo. "Yani ukuta itajioga yenyewe, bila kuambiwa? Basi mutengeneze na bwana wa vile." Nakumbuka tulivyocheka. Kicheko kile nakikumbuka kuliko hesabu zote tulizofanya, na namshukuru Mungu alitupa kabla ya mengine.

Tabaka la nje lilikamilika kwenye ukuta wote kiangazi kilipokuwa kinaelekea mwisho. Lilikuwa jeupe hadi macho yanauma. Kisha vita vya pili vya Kongo vilianza mashariki, na askari wakajaa Kamina. Mji wa makutano ya reli una mzigo wake: kila jeshi linauhitaji. Sokoni watu walisema ndege za adui zitakuja kuipiga stesheni. Sikuwahi kuziona ndege hizo, lakini nilijua wanawake walioacha kuanika nguo nyeupe nje. Kapiteni aliyepewa ulinzi wa stesheni alikuwa mtu wa mashariki, kijana bado, mwembamba, mpole wa maneno, mwenye homa isiyomwacha. Alisimama mbele ya wodi akaitazama kwa muda. "Mhandisi, nyumba yako ni nzuri," alisema. "Rubani atashukuru sana kuiona." Akaagiza kila ukuta mweupe ulio karibu na reli upakwe masizi.

Akina mama walikwangua masizi ya sufuria zao. Ili yashike, tuliyachanganya na uji mwepesi wa muhogo, kama tunavyofanya siku zote tunapotaka kitu kishike, tukaipaka wodi kwa mifagio. Numbi alipaka pamoja nasi. Uji ule ndio uliotuponza, na nadhani watu wa kwetu tu wangeponzwa hivyo. Tungetumia lami, ukuta ungefungwa macho kabisa. Lakini uji mwepesi ulipitisha jua, na uji na masizi ni chakula hasa cha unga ule. Hatukufikiri. Tuliogopa ndege, tukachukua kilichokuwa jikoni.

Mvua za kwanza zilipokuja, weupe ulianza chini ya dirisha la magharibi, mahali pa upana wa kitambaa cha kichwa. Nilipita hapo nikitoka shuleni nikamkuta Numbi amesimama, mikono nyuma. Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kufanya. "Madame, iko inatumika," alisema kwa sauti ya chini. "Miezi yote tulijaribu na vigae, na sasa iko inatumika kwa ukuta muzima." Macho yake yalijaa maji. Nami nilikuwa na furaha. Ingekuwa uongo kusema sikuwa nayo. Lakini nilitazama upande wa stesheni na furaha ikanikauka mdomoni. "Hii njo itakuuwa," nilimwambia. Tulipaka tena masizi, mchana, mbele ya watu, ili yeyote aone tunatii. Mvua ikanyesha, jua likatoka, mvua ikanyesha. Ghala la reli lilibaki jeusi. Nyumba za walimu zilibaki nyeusi. Wodi peke yake ilikuwa inatoka katika ule weusi kama jino katika kinywa.

Kapiteni alikuja na askari wake asubuhi moja wanawake wakiwa wamepanga foleni kwa ajili ya kupimwa. "Nani ameosha?" aliuliza. Wanawake wakatazama chini. "Nimeuliza kwa upole." Numbi alikuwa shemasi, na hata asingekuwa, uongo haukumkaa vizuri; ulimfanya ajikune shingo. Akasema, "Kapiteni, hakuna muntu aliosha. Ukuta imejiosha yenyewe." Askari wakaangua kicheko. Mmoja, mnene, alicheka hadi akaegemea mlango. "Kumbe iko na sabuni mu tumbo!" Kapiteni hakucheka. Alizunguka akitazama majengo mengine, kisha akarudi. "Nyumba zote zimebaki nyeusi," alisema. "Hii moja tu inajiosha. Basi inajiosha kwa ajili ya nani?" Wakamchukua Numbi hadi depo ya reli wakamfungia humo. Siku zile ndege ya jeshi ilikuwa ikileta chakula na kurudi na watu walioshukiwa, na miongoni mwa waliopandishwa ndege ile sikuwa nimesikia hata mmoja aliyerudi Kamina. Hilo kila mtu mjini alilijua, ndiyo maana hakuna aliyelisema.

Nimeishi vya kutosha kujua kwamba kuna maombi ya namna mbili. Kuna lile la mtu aliyekaa, mwenye maneno. Na kuna lile la mtu anayetembea haraka, ambalo ni jina tu linalorudiwa. Niliomba la pili kutoka wodini hadi depo, nikimfuata Mama Kabedi, ambaye alikuwa amebeba sindano zake. Yeye ndiye aliyekuwa akimchoma kapiteni kwinini, kwa hiyo askari wa mlangoni alimpisha; mimi nilibaki nje ya dirisha, na nilisikia kila kitu.

"Geuka, Kapiteni."

"Mama, nina kazi."

"Sindano haijue kapiteni. Geuka." Kisha nikamsikia akisema: "Ule muntu ulifunga, hakuosha ukuta."

"Nani ameosha?"

"Jua."

"Mama, hata wewe?"

"Hata minyi nilibacheka. Sasa baliniweka kigae mbele, nikaona na macho. Weye nayo uone. Kama iko uongo, utufunge sisi bote, minyi na Madame ule mwenye kusimama pale inje anazani hatumuone. Lakini banawake ba Kamina utabazalisha weye."

Nilisikia kiti kikilia. Kapiteni akasema ndege inategemewa kesho, na kwamba atatazama mpaka itakapofika, si zaidi.

Kesho yake anga lilikuwa limefungwa. Nilileta vigae viwili katika uwanja wa depo, kimoja chenye titani, cha mwisho kati ya vile vizuri, na kimoja cha saruji ya kawaida, nikavipaka vyote dawa ya bluu mbele ya kapiteni. Aliyachunguza mambo yangu kama mwanafunzi mwenye bidii. Aliuliza kama bluu ni moja. Alinusa brashi. Kisha akavua kofia yake ya kijeshi, akaiweka juu ya nusu ya kigae cha titani, ili mtu asije akasema baadaye kwamba kilichofunika ni changu. Akamweka yule askari mnene alinde. Askari akauliza, "Kapiteni, nichunge nini? Hii kintu itakimbia?" Kapiteni akajibu, "Chunga mtu asiiguse." Numbi aliletwa akakaa chini karibu na ukuta, mikono imefungwa mbele, midomo imepasuka. Hakunitazama mimi wala kapiteni. Alitazama mawingu.

Tulikaa. Sijui nieleze vipi kungoja kule. Mtu akingoja daktari, kuna mlango wa kutazama. Sisi tulitazama rangi, na rangi haisogei ukiitazama. Kapiteni alikuwa anatetemeka kwa homa na kutafuna karanga. Wafanyakazi wa reli walisimama mbali wakijifanya wana kazi, na mmoja alisema kwa sauti niliyoisikia, "Leo Kamina banafanya kesi ya jua." Bluu ilikuwa bluu. Nilijua kwamba chini ya mawingu mazito miale hupungua na kazi huchelewa. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi jambo hilo hilo kwa sauti tulivu. Ndipo tukasikia ndege. Ilipita juu ya mawingu kuelekea uwanja wake nje ya mji, na nje ya ukuta wa depo lori likawashwa. Kapiteni akasimama. Mama Kabedi naye akasimama, akaenda moja kwa moja mbele yake na sahani. "Kapiteni, huwezi kupanda lori na kwinini mu tumbo tupu. Utaanguka. Kula." Alikula, sijui kwa nini. Pengine alikuwa na njaa. Pengine hakutaka kuharakisha. Alipokuwa akimega bukari mawingu yalipasuka upande wa mashariki na jua likaanguka uwanjani lote kwa pamoja, kali, kama linavyokuwa baada ya mvua, likakaa kwa muda wa mahubiri mafupi.

Alipoinua kofia yake, chini palikuwa na bluu, na kando yake palikuwa pamefifia hadi rangi ya maji ya ufuo. Kigae cha kawaida kilibaki vile vile. Alipangusa kwa kidole gumba, akakitazama kidole. Akaviinua vigae vyote viwili, akavigonga kimoja kwa kingine, akavirudisha. "Kwa hiyo ni kweli," alisema. Nilianza kumshukuru Mungu kwa sauti. Aliinua mkono. "Mwalimu, usishukuru bado. Mtu akiosha ukuta, namkataza. Ukuta ukijiosha, nitaukataza vipi?" Akamgeukia Numbi. "Nimekuamini. Lori bado linanguruma. Chagua: uondoke wewe hapa, au uondoke ule weupe."

Nilidhani jibu litatoka mara moja. Halikutoka. Numbi alikitazama kile kigae cha titani, nami nikaona katika uso wake kitu kilichonitisha kuliko lori. Kwa miaka mingi nimejiuliza alikuwa anafikiri nini. Kuna watu ambao kazi yao imewaingia hata hawaoni tena ukingo kati yao na kazi. Alikuwa ametoa ujana wake kulijibu swali la mikono miwili, na jibu lilikuwa limesimama pale, jeupe, likifanya kazi kama alivyosema litafanya. Mama Kabedi akachutama mbele yake, kwa magoti yake yale mabovu, akamshika kidevu kama wanavyowashika watoto waliozaliwa bila kulia. "Numbi, mwana wangu. Bantu habafanyake kilio ya ukuta. Habaletake bukari, habalie. Minyi sina nguvu ya kufanya kilio yako." Akangoja. "Unasikia? Sina nguvu." Numbi akafumba macho. Kisha akanyoosha mikono yake iliyofungwa kuelekea kwa kapiteni, na kapiteni mwenyewe akaikata kamba.

Tuliubandua ukuta mchana ule. Numbi alishika nyundo na patasi, nami nikashika nyundo ya maseremala wa kanisa, na akina mama waliokuwa foleni wakaleta michi na mashoka yao bila kuitwa. Yule askari mnene alivua shati akaja kwenye kona iliyokuwa ngumu. Lile tabaka lilishika vizuri mno. Lilitoka kwa vipande vidogo na kung'oa zege la chini yake, ndiyo maana ukuta unaonekana kama umetafunwa hadi leo. Ndani kulikuwa na mwanamke katika uchungu, na kila maumivu yalipomzidi Mama Kabedi alitoa kichwa dirishani na kutuashiria tunyamaze. Tulisimama, nyundo mikononi, sote na askari, mpaka aashirie tena. Hivyo kazi ikaenda kwa vipindi vyake huyo mwanamke. Mpaka leo sijui jina lake.

Jioni ilipokaribia, ukuta ulikuwa wa kijivu na ardhi chini yake ilikuwa nyeupe. Kapiteni alikuja kutazama, akasema weupe ule wa chini nao ufunikwe, kisha akaenda zake na kofia yake mkononi. Lori lilikuwa limeondoka bila mtu wetu. Tulikusanya vipande kwa mabeseni. Tuliuliza tuvifukie wapi, na Mama Kabedi, ambaye alikuwa ametoka kunawa baada ya mtoto kuja salama, alituonyesha mahali nyuma ya wodi ambapo alikuwa akizika kondo za waliozaliwa. Mama mmoja wa kamati alishtuka. "Pale, Mama?" Akamjibu, "Pale. Tunawekaka pale kile kinafuatana na mutoto. Hii nayo ilizaliwa hapa." Numbi ndiye aliyechimba. Hakuwa amesema neno tangu depo. Alimimina beseni la mwisho, akafukia, akakanyaga udongo, akabaki amesimama, mweupe kwa vumbi kutoka nywele hadi viatu, na sisi tulisimama naye tukiogopa, kwa sababu hatukujua kama mtu tuliyemtoa depo ametoka mzima.

Akapangusa mdomo kwa mkono. "Mama," alisema, "niko na njala."

Mama Kabedi alitupa kichwa nyuma akacheka, machozi yakimtoka. "Musikie! Muntu mwenye kufa haombake bukari. Kuya, mwana wangu, kuya."

Tulikula katika chumba cha wauguzi, sahani moja, bukari na mboga za lengalenga, bila samaki. Waliniomba niombe. Nilikuwa na maneno mengi tangu asubuhi, maneno ya mwalimu, ya shukrani na ya kulalamika, na yote yalinikimbia. Nilisema asante, nikasema amina, na kabla sijafumbua macho nilisikia kwamba Numbi alikuwa ameshaanza kumega.